Grupu la WhatsApp la Darasa Lisilogeuka Kijiwe: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Darasa

Kila muhula unapofunguliwa, walimu huniandikia lalamiko lile lile. Grupu la darasa lilianzishwa kwa nia njema. Wiki ya pili likajaa salamu za asubuhi zenye maua, wiki ya nne mtu akarusha tangazo la mkopo wa haraka, na kabla mwezi haujaisha nusu ya wazazi wamelizima sauti. Mtihani wa majaribio unatangazwa humo, hakuna aliyeuona. Mwalimu anakata tamaa, anarudi kumtuma kiranja.

Wanaoshindwa karibu wote wameshindwa kwa sababu moja: grupu moja limebebeshwa matangazo, masomo na maongezi kwa pamoja. Hapa tutavitenganisha.

Nimeandika nikiwa na shule ya sekondari ya kutwa ya Tanzania akilini, ambako mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni na jioni anatumia ya mama au ya kaka. Shule ya bweni itatumia hatua hizi kwa wazazi peke yao, labda na wanafunzi wakati wa likizo. Aliyeko Kenya au kwingine abadilishe majina ya sheria na vyeo tu.

## Andaa hivi kwanza

Ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi. Mistari mitatu inatosha: darasa gani, kwa kazi gani, nani msimamizi. Siku mzazi akienda kulalamika ofisini, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwamba hukuanzisha jambo lako binafsi.

Laini ya kazi. Usitumie namba unayoongea na shemeji zako. Weka laini ya pili, kisha uisajili kwenye WhatsApp Business, ambayo inakaa simu moja na WhatsApp ya kawaida bila kugombana. Ina kitu kimoja utakachokishukuru: ujumbe unaojijibu wenyewe nje ya saa za kazi.

Admini wa pili. Awe mwalimu mwenzako, si mzazi wala mwanafunzi. Kama wewe ni mwanamume, tafuta mwalimu wa kike, na kinyume chake. Sababu utaiona kwenye hatua ya nane.

Fomu ya ridhaa ya mzazi. Ukurasa mmoja: jina la mwanafunzi, namba itakayotumika, simu ni ya nani, ni simu janja au kitochi, mwanafunzi anaishika saa ngapi, mzazi anakubali au hakubali picha za mtoto kutumwa, sahihi.

Kaunta buku la kunakili namba hizo. Likae kwenye kabati la ofisi, si kwenye meza ya darasa.

Bando. Waulize mapema nani analipa. Walimu wengi hulipa mfukoni na kunyamaza, halafu grupu linakufa tarehe 20 ya kila mwezi.

Ubao wa matangazo wa ukutani. Ndiyo, ule wa mbao. Bado unauhitaji.

## Hatua ya 1: Hesabu simu kabla ya kuchagua programu

Gawa fomu, zirudi zikiwa na sahihi, kisha chora safu tatu: wenye simu janja nyumbani muda wote, wenye simu janja jioni tu, na wenye kitochi au wasio na simu kabisa.

Safu ya tatu ndiyo inayoamua. Ikizidi theluthi ya darasa, usiegemee WhatsApp. Tumia SMS za kawaida na ubao wa ukutani, grupu libaki la nyongeza. Ikiwa ni wachache, endelea, lakini waandike majina pembeni maana tutarudi kwao.

WhatsApp naichagua kwa sababu tu mzazi tayari anayo. Kwa kutunza maandiko Telegram ni bora: anayejiunga leo huweza kukuta yaliyotumwa mwezi uliopita, na namba ya simu inaweza kufichwa. Lakini kumfundisha mzazi wa miaka hamsini programu mpya ni kazi ya muhula mzima. Facebook, Instagram na TikTok ziacheni kwa matangazo ya mahafali. Si mahali pa mwalimu kuwasiliana na mwanafunzi.

*Tahadhari:* WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe na umri wa miaka 13 au zaidi. Kidato cha Kwanza wapo wenye 12. Hao waingie kwa simu ya mzazi, kwa jina la mzazi.

## Hatua ya 2: Tengeneza vyumba viwili

Badala ya kufungua grupu la kawaida, fungua jumuiya (Community). WhatsApp inayo sehemu hiyo, na ndani yake hujitengeneza chumba cha matangazo ambacho maadmini pekee ndio wanaotuma. Ipe jumuiya jina lisilochanganya: "Kidato 3B 2026, Matangazo". Kisha ongeza grupu moja ndani yake: "Kidato 3B 2026, Maswali".

Mwaka kwenye jina una kazi. Mzazi mwenye watoto watatu ana magrupu mengi, na lile la mwaka juzi bado limo kwenye simu yake.

Faida kubwa ya chumba cha matangazo cha jumuiya ni kwamba wanachama hawaonyeshwi namba za wenzao. Kwenye grupu la kawaida namba zote ziko wazi, na mtu mzima yeyote aliyemo anaweza kuchukua namba ya binti wa miaka 15 na kuanza kumsumbua usiku. Hili si la kufikirika, waulize walimu wa malezi. Chumba cha Maswali huonyesha namba, kwa hiyo humo aingie anayetaka, na mwanafunzi wa kike mwenye laini yake ashauriwe kutumia simu ya mzazi.

Umefaulu kama ukituma neno "Jaribio" kwenye Matangazo linawafikia wote, na mwanachama wa kawaida hawezi kuanzisha tangazo lake humo.

## Hatua ya 3: Funga milango

Ingia kwenye mipangilio ya grupu la Maswali, ufanye haya kwa mpangilio:

1. Kubadilisha jina na picha ya grupu: maadmini pekee. Usipofanya hivyo, siku moja utakuta 3B ina picha ya mchezaji wa Simba au Yanga, na ugomvi umeanza.
2. Kuongeza wanachama: maadmini pekee.
3. Washa idhini ya admini kwa kila anayejiunga kwa kiungo.
4. Kutuma ujumbe: weka maadmini pekee kwa sasa. Tutafungua kwa saa maalumu.

Kiungo cha kujiunga usikiweke kwenye status wala Facebook. Kitume kwa namba zilizo kwenye kaunta buku tu, na wote wakishaingia kibadilishe ili cha zamani kife.

Kabla hujaidhinisha mtu, linganisha namba na daftari. Namba haimo? Usiidhinishe, mpigie. "Mimi ni mjomba wake" haitoshi.

Halafu linda akaunti yako mwenyewe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri ya tarakimu sita. Tapeli akiteka akaunti ya mwalimu, anazungumza na wazazi wa darasa zima kwa sauti ya shule. Na zile tarakimu sita zinazokuja kwa SMS usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa ni afisa elimu.

## Hatua ya 4: Ujumbe wa kwanza uwe kanuni

Usianze na "Karibuni sana wapendwa". Ukifungua kwa salamu utajibiwa kwa salamu mia. Tuma kanuni, kisha uzibandike juu. WhatsApp inaruhusu ujumbe kubandikwa kwa saa 24, siku 7 au siku 30, kwa hiyo chagua 30 na ukumbuke kurudia. Huu hapa mfano wa kunakili:

> *KANUNI ZA 3B*
> 1. Chumba cha Matangazo ni cha kusoma tu.
> 2. Maswali ya masomo: Jumatatu hadi Alhamisi, saa 1:00 hadi 2:00 usiku.
> 3. Hakuna siasa, mahubiri, biashara wala ujumbe wa kuforwadi.
> 4. Matokeo na nidhamu ya mwanafunzi hayajadiliwi humu. Mzazi aje ofisini au apige simu saa za kazi.
> 5. Shule haiombi pesa kupitia grupu hili. Ukiona ombi la pesa, ni tapeli.
> 6. Anayevunja kanuni anaonywa mara moja, kisha anaondolewa. Tangazo atalisoma ubaoni.

Kanuni ya tatu ndiyo itakayokuletea maneno. Mzazi mmoja atatuma aya ya kitabu kitakatifu kwa moyo safi, nawe utaona aibu kuifuta. Ifute. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na ufanye hivyo siku ile ile ya kwanza, kisha umwandikie pembeni: "Shikamoo mama, nimeuondoa ujumbe ule kwa sababu ya kanuni ya 3, si kwa ubaya." Ukimwachia huyu, wa pili ataleta mchango wa harusi.

## Hatua ya 5: Andika tangazo linaloeleweka bila kulifungua

Mzazi yuko sokoni, simu imetoa mlio, anaona mstari mmoja juu ya kioo. Mstari huo ndio nafasi uliyo nayo.

Linaloshindwa ni hili: "Habari za mchana wazazi na walezi, natumaini mu wazima wa afya. Napenda kuwataarifu kuwa kesho kutakuwa na..." Mpaka hapo kioo kimeisha.

Linalofanya kazi ni hili:

> *ALHAMISI 12 MACHI: MTIHANI WA HISABATI, saa 2:00 asubuhi.*
> Aje na: rula, bikari, kalamu mbili.
> Atatoka: saa 6:00 mchana.

Tanguliza siku na tukio. Kamwe usiandike "kesho". Bando la mtu likiisha, ujumbe wako wa Jumanne anausoma Alhamisi, na "kesho" yako imekuwa Ijumaa yake. Mwanafunzi amekosa mtihani na mzazi ana ushahidi kwamba mwalimu ndiye aliyesema.

Ukikosea tarehe, una dakika 15 za kuhariri ujumbe. Zikipita, ufute na utume mwingine wenye neno "SAHIHISHO" mwanzoni. Usiache matoleo mawili yakizunguka.

Voisi noti usiitumie kwa tangazo. Haitafutiki, haisomeki ndani ya daladala, na mtu hawezi kuionyesha kwa mwenzake kwa haraka.

## Hatua ya 6: Tuma kazi za masomo kwa uzito mdogo

Hapa ndipo bando la mzazi linapoungua, na mzazi akiona bando limeungua, anatoka.

Anza na maandishi matupu kila inapowezekana. Maswali matano ya uchanganuzi wa sentensi yanaandikika kwa dakika kumi, hayali bando, na hata simu yenye kioo kilichopasuka huyaonyesha. Mwalimu anayepiga picha ukurasa wa kitabu ili asiandike mistari sita amehamishia kazi yake kwenye mfuko wa mzazi.

Penye mchoro au hesabu ndefu, piga picha, lakini kwa utaratibu:

- Weka daftari mezani karibu na dirisha, mchana. Taa ya dari huleta kivuli cha mkono wako katikati ya ukurasa.
- Simu iwe juu kabisa ya karatasi, isiinamie upande. Mistari ya pembeni ikionekana imepinda, rudia.
- Andika kwa kalamu nyeusi. Penseli hupotea picha ikibanwa.
- Kurasa zikizidi mbili, tumia kitufe cha kuskani kilichomo kwenye Google Drive ya Android, chagua rangi ya kijivu, upate faili moja la PDF. Litume kama hati, si kama picha, maana WhatsApp hupunguza ubora wa picha na herufi ndogo zikaungana.

Lipe faili jina la kutafutika: "3B_Fizikia_Mwanga_Machi2026". Jina kama "Scan0047" mwanafunzi hatalipata wakati wa kujiandaa na mtihani wa Taifa.

Video iache. Ukilazimika, isizidi dakika mbili, na uandike uzito wake kabla: "MB 6, pakua ukiwa na bando." Wafundishe wazazi pia kuzima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video kwenye mipangilio ya WhatsApp. Ni dakika tano kwenye kikao cha wazazi, na watakushukuru kuliko kwa hotuba yote ya taaluma.

Jipime hivi: omba simu ya mzazi yenye kioo kidogo kuliko zote, fungua kazi uliyotuma. Ukisoma swali la mwisho bila kukuza picha, umefaulu.

## Hatua ya 7: Wasio na simu wasiadhibiwe

Rudi kwenye safu ya tatu. Kila jina humo lipangiwe mwenzake wa jirani mwenye simu nyumbani, wakae mtaa mmoja ikiwezekana. Kazi ikitumwa jioni, mwenye simu anainakili kwenye daftari na asubuhi wanakutana njiani.

Juu ya hapo, kila kilichotumwa kwenye Matangazo kibandikwe ubaoni kabla ya gwaride la asubuhi. Mzazi mwenye kitochi apate SMS fupi kwa mambo makubwa tu: mtihani, kufunga shule, kikao.

Na hili lisiwe na mjadala: kazi iliyotolewa WhatsApp pekee haihesabiwi kwenye alama. Ukivunja hapa, unampima mtoto kwa simu ya baba yake.

## Hatua ya 8: Saa ya maswali, na inboksi

Saa 1:00 usiku badilisha mipangilio, ruhusu wote waandike. Saa 2:00 funga. Saa moja inatosha, na kuifunga kunakulinda wewe. Mwalimu asiyefunga atajibu swali la vekta saa 5 usiku, na mwanafunzi atajifunza kwamba usiku ni wakati wa kumtafuta mwalimu.

Anayeuliza aandike somo na namba ya swali. Usijibu mara moja. Subiri dakika chache uone kama mwenzao atajibu, kisha sahihisha. Zile dakika za ukimya huwa ndizo zenye masomo mengi kuliko jibu lako.

Sasa inboksi, ambako walimu wazuri huharibikiwa. Mwanafunzi atakuandikia peke yake. Liamue kabla halijatokea.

Swali la masomo: "Nimeliona, nitalijibu grupuni saa ya maswali." Kisha ulijibu bila kumtaja.

Salamu zisizo na jambo, picha, utani: usijibu. Kesho darasani mkumbushe kanuni mbele ya wote, bila jina. Zikiendelea, mwonyeshe admini mwenzako skrinishoti siku hiyo hiyo, hata kama unaona ni kitu kidogo. Mwalimu wa pili tulimweka kwa ajili hii: mawasiliano ya mwalimu na mwanafunzi yasiwe na watu wawili pekee wanaoyajua. Usiwashe ujumbe unaojifuta kwenye laini ya kazi. Siku utakapotuhumiwa, mazungumzo kamili ndiyo wakili wako.

Jambo zito, kama kipigo nyumbani, kuguswa vibaya, ujauzito au kutaka kujidhuru, hilo usilipuuze na usilitibu kwa kuchati. Jibu kwa ufupi: "Nimekusoma. Umefanya vizuri kuniambia. Je, uko salama usiku huu?" Akiwa hatarini sasa hivi, namba 116 ni simu ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia. Mjulishe mkuu wa shule kwa kumpigia, na asubuhi mwalimu wa malezi na unasihi azungumze naye ana kwa ana. Usiahidi siri. Usiforwadi ujumbe wake kwenye grupu la walimu.

## Hatua ya 9: Alama, picha na pesa

Alama hazitumwi grupuni, hata za waliofaulu. Ukiweka kumi bora, umewatangaza na wengine. Mpe kila mzazi ripoti ya mtoto wake mwenyewe.

Picha za wanafunzi zinahitaji ridhaa ya mzazi iliyo kwenye fomu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Anayedhani ni maneno ya vitabuni aangalie jirani: mwaka 2023 kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Pesa ndiyo tundu la matapeli. Wazazi wengi wameshapigiwa simu ya "mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya matibabu haraka". Akipata orodha ya grupu lako, tapeli anajua darasa, jina la mwalimu na siku ya mtihani. Kwa hiyo michango yote iende kwa njia rasmi ya malipo ya shule na risiti, na mara moja kwa muhula urudie tangazo hili: "Mtoto akiugua, shule itapiga kwa namba hizi mbili tu."

## Hatua ya 10: Funga mwaka

Wanaoacha magrupu yakijifia wenyewe huja kujuta. Laini isiyotumika hurudishwa sokoni na mtandao wa simu, akapewa mtu mwingine kabisa. Wakati huo namba hiyo bado imo kwenye orodha yako ya wazazi.

Mwanzo wa kila muhula pitia wanachama kwa kaunta buku mkononi, uondoe waliohama na waliobadilisha namba. Desemba, baada ya kufunga shule:

1. Hamishia faili za masomo kwenye kompyuta ya shule au flashi ya mwalimu wa taaluma.
2. Tuma tangazo la mwisho lenye tarehe ya kufungwa, uwape siku saba wapakue wanachotaka.
3. Ondoa wanachama wote isipokuwa maadmini, kisha zima jumuiya.
4. Chana kurasa za namba za waliomaliza. Fomu za ridhaa zikabidhiwe kwa mkuu wa shule.

Januari fungua jumuiya mpya kwa fomu mpya. Usibadilishe jina la ile ya zamani kutoka 3B kwenda 4B, maana darasa likichanganywa upya utabaki na wazazi ambao watoto wao hawako kwako tena, na kila mmoja ataona ratiba za watoto wa wenzake.